Kuchagua Breki za Rimu kwa Baiskeli ya Kazi na Barabara Mbovu

Breki ya rimu ni ile inayopunguza mwendo kwa kubana raba mbili kwenye rimu ya gurudumu, na ndiyo inayoonekana kwenye baiskeli nyingi zinazobeba maji, maziwa, mkaa, ndizi, abiria na mahindi ya kusaga. Aina zake si nyingi, lakini tofauti zake hudhihirika barabara inapokuwa ya vumbi na changarawe wakati wa kiangazi, kisha ikageuka tope wakati wa masika. Breki inayosifiwa kwenye lami inaweza kujaa tope na kukwama kabla hujafika mbali, ilhali ile inayodharauliwa kwa uzee wake inaweza kuendelea kufanya kazi hata rimu ikiwa inayumba. Mwongozo huu unalinganisha aina hizo kwa ajili ya mtu anayetaka kununua baiskeli, au anayetaka kubadilisha breki za baiskeli aliyonayo, kisha unaeleza namna ya kuzifunga na kuzitunza. Breki za diski na zile za kukanyaga pedeli kurudi nyuma zina sifa zake, ila hazihusiki hapa.

Tazama rimu kwanza

Wanunuzi wengi hutazama mikono ya breki na ugumu wa springi, na mafundi wengi huwauzia wateja raba mpya kila breki inapopungua nguvu. Ni mara chache mtu anauliza rimu yenyewe ni ya madini gani, ingawa jambo hilo ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa baiskeli itasimama wapi siku ya mvua. Kwa maoni yangu, mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu aanze na rimu, na mambo ya mikono, waya na springi yaje baadaye.

Rimu za baiskeli kubwa za kizamani, zile Phoenix na Hero zenye fremu nzito ambazo Kenya hujulikana kama Black Mamba, kwa kawaida ni za chuma kilichopakwa kromu. Kromu hukinga kutu, na ikiwa kavu hushikwa na raba kwa kiasi cha kutosha. Ikilowa, utando wa maji hukaa kati ya raba na uso huo laini, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla raba haijafuta maji na kuanza kushika. Kukaza mkono zaidi hakuleti nafuu kubwa, kwa sababu upungufu uko kwenye uso wa rimu, si kwenye nguvu za vidole. Rimu ya alumini nayo hupoteza mshiko inapolowa, lakini hupoteza kiasi kidogo kuliko chuma na huurudisha mapema. Isitoshe, alumini husambaza joto vizuri kuliko chuma, jambo lenye faida kubwa kwa anayeteremka na mzigo. Ubaya wake ni kwamba ni laini: mchanga unaonasa kwenye raba huikwangua, na rimu ambayo ingedumu miaka mingi kwenye lami huisha mapema sana kwenye barabara ya udongo.

Kuzitambua ni rahisi. Sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, hushika rimu ya chuma na haishiki ya alumini. Usitegemee mng'ao peke yake, kwa kuwa zipo rimu za alumini zilizosuguliwa zikang'aa kama kromu.

Kabla ya kununua rimu ya alumini kwa ajili ya baiskeli ya kizamani, hakiki mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayataji. La kwanza ni kipimo. Tairi lililoandikwa 28 x 1½ hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, ilhali rimu nyingi za alumini za baiskeli kubwa ni za milimita 622, na zile za baiskeli za milimani za inchi 26 ni za milimita 559. Ukihama kutoka 635 kwenda 622, unahitaji matairi mengine, na raba za breki lazima zishuke milimita 6.5 kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mikono ya breki isiyo na nafasi ya kushusha raba kiasi hicho haitafaa. La pili ni idadi ya matundu ya spoku. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na rimu za alumini zinazopatikana madukani huwa nyingi za matundu 36 au 32. Kwa hiyo gurudumu la nyuma huenda likahitaji habu mpya pia, na gharama ikapanda kuliko ulivyotarajia.

Breki za fito

Hizi ndizo breki za Black Mamba zenyewe. Badala ya waya, fito za chuma hutoka kwenye usukani, zikapita kwenye maungio kadhaa na kuvuta tao lenye raba mbili. Raba hizo hazibani rimu ubavuni. Hubana ule uso wa ndani unaotazama habu, moja kila upande wa mstari wa spoku. Ndiyo sababu breki za fito zinahitaji rimu ya umbo maalumu, yenye mfereji katikati wa kupitisha vichwa vya spoku na njia mbili za raba pembeni. Ukifunga rimu ya kawaida ya alumini, raba hazina mahali pa kushika, na breki hizo hazina kazi tena.

Kwa kuwa raba hazigusi ubavu wa rimu, gurudumu linaweza kuyumba kushoto na kulia bila breki kukwaruza. Kwa baiskeli inayopita mashimo kila siku ikiwa na gunia kwenye keria, hiyo ni faida ya kweli. Kinachoisumbua ni rimu iliyobonyea kwa kugonga jiwe, kwa sababu kila bonyeo likipita kwenye raba utahisi mkono wa breki ukigonga. Faida nyingine ni kwamba hakuna waya wa kukatika wala ganda la kujaa vumbi, na fundi yeyote mwenye nyundo na moto anaweza kunyoosha ufito uliopinda. Nimeona pini ya ungio iliyopotea ikibadilishwa kwa msumari uliokunjwa, na baiskeli ikaendelea na safari.

Udhaifu uko kwenye maungio hayohayo. Kila ungio likilegea kidogo, mkono wa breki husafiri zaidi kabla raba haijagusa, na maungio ya breki ya nyuma ni mengi. Shika mkono wa breki uuvute taratibu huku mwenzako akitazama raba: ikiwa mkono umefika nusu ya safari yake na raba hazijasogea, maungio yamekwisha na kukaza nati za tao hakutatosha. Jambo jingine linalosahauliwa ni mnyororo. Tao la nyuma hukaa mbele ya gurudumu la nyuma, karibu na pedeli. Ukirudisha gurudumu nyuma ili kukaza mnyororo, rimu huzifuata raba na breki huanza kubana yenyewe. Kila unapokaza mnyororo, rekebisha na breki ya nyuma.

Pamoja na rimu ya chuma inayoambatana nazo, breki hizi ni dhaifu kwenye mvua, na hakuna marekebisho yanayoweza kuzifanya ziwe na nguvu za breki za kisasa. Zinafaa nchi ya tambarare yenye ukame, mwendo wa pole, na mahali ambapo kipuri cha kisasa hakipatikani.

Kalipa

Kalipa ni ile breki inayofungwa kwa boliti moja inayopenya juu ya uma wa mbele, au kwenye daraja la fremu nyuma, na mikono yake hulikumbatia tairi kutoka juu. Ni nyepesi, ni rahisi, na kwenye baiskeli za bei ya chini ndiyo inayokuja nayo kutoka kiwandani.

Kwenye barabara mbovu tatizo la kwanza ni nafasi. Tope linalopanda na tairi hukutana na lile tao la kalipa na kubaki hapo. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, hunata na kujikusanya kila gurudumu linapozunguka, mpaka gurudumu linagoma kabisa na mwenye baiskeli anatafuta kijiti cha kuukwangulia. Pima kwa kidole: ikiwa kidole cha shahada hakipiti kati ya tairi na kalipa, breki hiyo haifai kwa njia ya tope. Madigadi hupunguza nafasi hiyo zaidi.

Tatizo la pili ni kunepa. Ili kuruka tairi nene, mikono ya kalipa lazima iwe mirefu, na mkono mrefu wa bati hunepa unapokaza breki, hivyo nguvu uliyotoa kwenye vidole huishia kwenye kupinda bati. Zipo kalipa za pini mbili, zenye nguvu zaidi kuliko za pini moja, lakini nyingi zimeundwa kwa matairi membamba na zinataka rimu iliyonyooka sana, kwa sababu raba zake hukaa karibu mno na rimu.

Ukiwa nayo na huna mpango wa kuibadilisha, shughulikia boliti ya katikati. Mtikisiko wa barabara yenye matuta madogomadogo huilegeza, kalipa ikageuka upande mmoja na raba moja ikasugua rimu wakati wote. Ifunge kwa nati mbili zinazokazana, moja juu ya nyingine, na uache mikono ya kalipa izunguke kwa uhuru bila kucheza mbele na nyuma.

Kantileva na breki za V

Aina hizi mbili hufungwa kwenye vigingi viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye uma wa mbele na kwenye fremu nyuma, kimoja kila upande wa gurudumu, vikiwa vimeachana takriban milimita 80. Kwa kuwa hakuna kitu kinachopita karibu na juu ya tairi, nafasi ya tope ni kubwa. Hiyo ndiyo sababu mbio za baiskeli za matopeni huko Ulaya zilitumia kantileva kwa miongo mingi. Kama fremu yako haina vigingi hivyo, usikubali fundi akuchomelee vipya bila kipimo: vikipishana kidogo tu urefu, raba moja itagusa tairi na nyingine itapita chini ya rimu.

Kantileva ni ya zamani zaidi. Mikono yake ni mifupi na imetanuka kwenda nje, na kipande cha waya kinachounganisha mikono hiyo huvutwa juu katikati na waya mkuu. Hufanya kazi vizuri ikifungwa na mtu anayeijua, lakini nguvu yake hutegemea pembe ya kile kipande cha waya, na pembe hiyo huharibika kwa urahisi kila inapofunguliwa. Ina hatari moja ya kujua: waya mkuu wa mbele ukikatika, kile kipande cha kuunganisha huweza kuangukia meno ya tairi na kulifunga gurudumu ghafla. Madigadi ya mbele, au kipande cha bati kilichofungwa kwenye tundu la uma ili kukidaka, huzuia ajali hiyo. Nisingemshauri mtu anunue kantileva leo kwa baiskeli ya mzigo, ingawa aliyenayo na inashika vizuri hana haja ya kuiondoa.

Breki ya V ilienea baada ya Shimano kuitoa mwaka 1996. Mikono yake ni mirefu na imesimama wima, na waya hupita moja kwa moja kutoka mkono mmoja kwenda mwingine juu ya tairi. Urefu huo huongeza nguvu, na kufunga kwake ni rahisi kuliko kantileva. Kwa baiskeli yenye rimu za alumini na vigingi kwenye fremu, hii ndiyo ninayoichagua kwa barabara mbovu: ina nafasi ya tope, ina nguvu, hubadilishwa raba kwa spana moja, na vipuri vyake vimefika mpaka kwenye maduka ya vijiji vikubwa.

Lakini jina la V halitoshi. Zipo za plastiki na bati laini ambazo hulegea kwenye vigingi baada ya msimu mmoja. Shika ncha ya mkono wa breki pale kwenye gurudumu, si ule wa usukani, uutikise mbele na nyuma. Mchezo mdogo sana si kitu, ila mkono ukitembea waziwazi, raba itajipinda kila unapofunga breki, italia kwa sauti kali na itaisha upande mmoja. Tazama pia kile kibomba kilichopinda kinachoingiza waya kwenye mkono wa breki. Mdomo wake ukiwa wazi huingiza vumbi na maji, na waya ukianza kukwama hapo breki hukataa kurudi. Kijimpira chenye mikunjo kinachofunika waya baada ya kibomba si pambo, kwa hiyo kisipokuwepo, kinunue.

Zipo pia breki za rimu zinazotumia mafuta badala ya waya, kama zile za Magura ya Ujerumani. Hazisumbuliwi na vumbi kwa kuwa mfumo wake umefungwa, na zina nguvu sana. Lakini bomba lake likipasuka mbali na mji, hakuna atakayelitengeneza, na kwa mtu anayeishi kwa baiskeli yake sababu hiyo inatosha kuziacha.

Mkono wa breki wa usukani lazima uendane na breki

Hapa ndipo marekebisho mengi ya mtaani yanapoharibika. Breki ya V huhitaji waya uvutwe takriban mara mbili ya unavyovutwa na kalipa au kantileva, na mikono ya usukani hutengenezwa kwa kuzingatia hilo. Ukifunga breki ya V kwenye mkono wa kalipa, mkono utakuwa laini na utagusa usukani kabla breki haijakaza. Ukifanya kinyume, yaani kalipa kwenye mkono wa V, utahisi mkono mgumu kama jiwe na baiskeli haisimami. Dukani, nunua breki na mkono wake pamoja.

Ganda la waya nalo lina aina mbili. La breki lina chuma kilichozungushwa kama springi ndani yake, ilhali la gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka. Yanafanana kwa nje. Ganda la gia likitumika kwenye breki linaweza kupasuka pale unapokaza kwa nguvu zote, na ndipo unapolihitaji zaidi. Likate kidogo utazame ndani kabla ya kulipia.

Mzigo na mteremko

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba breki ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa uzito huhamia mbele unapofunga breki. Ni kweli kwa baiskeli tupu. Kwa baiskeli yenye kilo 80 au 100 kwenye keria, uzito mwingi uko juu ya gurudumu la nyuma, na breki ya nyuma huweza kufanya kazi kubwa bila tairi kuteleza. Kwa hiyo usikubali breki ya nyuma iliyo dhaifu kwa hoja kwamba ya mbele inatosha, na kumbuka kuwa waya wa nyuma ni mrefu, una msuguano mwingi, na ndio unaostahili ganda jipya kwanza. Kwenye changarawe iliyolegea, breki ya mbele ifungwe taratibu na kabla ya kona, kwa kuwa gurudumu la mbele likifunga hapo baiskeli huanguka bila onyo.

Joto ni jambo jingine. Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo ni ya takriban kilomita 33, na katika umbali huo unateremka karibu mita 1,000. Baiskeli, mtu na mzigo vikiwa kilo 185 kwa jumla, nguvu zote za mteremko huo hugeuka joto, na sehemu kubwa yake hupita kwenye raba na rimu. Rimu ikipata moto sana, upepo ndani ya tairi hutanuka na viraka vya tyubu huanza kuachia. Usiburuze breki moja kutoka juu hadi chini. Funga ya nyuma kwa nguvu mpaka mwendo upungue, iachie ipoe huku ya mbele ikifanya kazi, kisha badilisha. Mahali penye mwinuko mkali simama na usubiri rimu ipoe, usiimwagie maji. Kama mzigo ni mkubwa kiasi kwamba breki zote mbili zikikazwa baiskeli haisimami, shuka utembee nayo. Mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo huko Goma, Kongo, hufunga kipande cha raba ya tairi ambacho dereva hukikandamiza kwenye gurudumu la nyuma, na ubunifu huo wanauheshimu wote, lakini baiskeli yenye breki mbili haipaswi kufika mahali pa kusimamishwa kwa kandambili.

Namna ya kufunga raba

Maelezo haya ni ya breki za V, na kwa sehemu kubwa yanafaa kantileva na kalipa pia.

Kwanza hakikisha gurudumu limekaa katikati ya uma na nati zake zimekazwa, kwa sababu breki iliyorekebishwa kwa gurudumu lililokaa upande itaharibika mara gurudumu likinyooshwa. Zungusha gurudumu utazame rimu. Ikiyumba zaidi ya milimita 2, nyoosha spoku kabla ya kugusa breki. Futa rimu kwa kitambaa chenye spiriti au maji ya sabuni. Petroli na mafuta ya taa huacha utelezi, na tone moja la oili kwenye rimu linatosha kuharibu raba mpya.

Legeza boliti ya raba, isukume raba kwa kidole mpaka iguse rimu, na uitazame kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ukingo wake wa juu ubaki chini ya ukingo wa rimu kwa milimita 1 hivi, usiguse tairi hata kidogo, kwa kuwa raba inayogusa tairi hutoboa ubavu wake kimyakimya mpaka siku tyubu inapochungulia nje. Ukingo wa chini nao usipite chini ya uso wa rimu. Kwenye breki za V na kantileva raba hushuka kuelekea kwenye spoku kadiri zinavyoisha, hivyo usianze na raba iliyo chini mno. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa kwa nusu milimita hadi milimita moja. Njia rahisi ni kuweka kipande cha kadi nyuma ya ncha ya nyuma ya raba, kukaza boliti, kisha kukichomoa. Hiyo huondoa kelele nyingi.

Kama raba ni ya kuchomeka kwenye kiatu cha chuma, upande uliozibwa wa kiatu uelekee kule rimu inakokwenda gurudumu likizunguka mbele. Ukigeuza, raba itachomoka mara ya kwanza utakapofunga breki kwa nguvu. Kosa hili ni la kawaida, na halionekani mpaka limetokea.

Vuta waya na uukaze ukiacha milimita 1.5 hadi 2 kati ya raba na rimu kila upande. Kwenye msimu wa tope, au rimu ikiwa na kayumbo kadogo, acha hadi milimita 3, mradi mkono wa breki usiguse usukani. Raba moja ikikaa karibu zaidi, kuna skrubu ndogo chini ya kila mkono wa V: kaza ile ya upande ulio karibu na rimu, nusu zungusho kwa wakati mmoja, huku ukifinya breki kila mara ili springi zikae. Pini za springi ziwe kwenye tundu la kimo kilekile pande zote mbili, kwa kawaida lile la kati.

Mwisho, finya mkono wa mbele kwa nguvu zako zote mara kadhaa baiskeli ikiwa imesimama. Kama waya utateleza kwenye boliti, uteleze hapo. Kisha sukuma baiskeli mbele ukiwa umefunga breki ya mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Fanya hivyo kwa ya nyuma, na tairi linapaswa kuburuzika bila kuzunguka.

Mchanga, chumvi na kuisha kwa rimu

Kila wiki wakati wa kiangazi, na kila siku wakati wa tope, osha rimu na raba kwa maji ya kawaida. Fungua raba utazame uso wake. Utaona vipunje vya mchanga vimezama kwenye raba, na kwenye rimu za alumini utaona pia vipande vidogo vinavyometameta ambavyo ni rimu yenyewe iliyokwanguliwa. Vichokoe kwa sindano au ncha ya msumari, kisha sugua uso wa raba kwa msasa mpaka weusi uwe sawa. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huongeza maisha ya rimu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanya nyumbani. Raba laini za rangi ya chungwa iliyopauka hukusanya mchanga kidogo na hushika vizuri kwenye maji, ingawa ni ghali na si kila duka linazo. Raba zilizochongwa kutoka kwenye tairi la gari hazifai hata kidogo: nyuzi za chuma zilizomo ndani hukwaruza rimu mpaka ikawa na mifereji.

Kwenye mvua, gusa breki kwa wepesi mita kadhaa kabla ya mahali unapotaka kupunguza mwendo, ili raba zifute maji. Kwa rimu za chuma anza mapema zaidi, na mteremko wenye njia panda chini yake uuteremke kwa mguu.

Wakazi wa Unguja, Pemba na miji ya mwambao wana adui mwingine. Hewa ya chumvi hula nyaya ndani ya maganda na springi kwenye vigingi, na dalili yake ya kwanza ni breki inayokaza vizuri lakini inachelewa kuachia. Toa waya, ufute, upake grisi nyepesi, udondoshee oili tone moja kwenye kila mdomo wa ganda. Vua mikono ya breki mara mbili kwa mwaka, safisha vigingi na uvipake grisi, ukiwa mwangalifu isifike kwenye rimu. Waya wenye uzi mmoja uliokatika karibu na kichwa chake utakatika wote, kwa hiyo ubadilishe siku hiyohiyo.

Uso wa rimu ya alumini hubonyea ndani kadiri unavyoliwa. Weka ukingo wa rula ulionyooka juu yake: mwanga ukipita katikati, bonyeo limeanza. Rimu nyingi zina mfereji mwembamba au kitobo kidogo kama alama, na alama hiyo ikifutika rimu imekwisha. Isiyo na alama ipimwe unene wa ukuta wake wakati wa kubadilisha tairi, na ukuta ukiwa umebaki karibu milimita 1, upepo wa tairi unaweza kuupasua nje, hasa baiskeli ikiwa na mzigo na rimu ikiwa ya moto. Rimu iliyofikia hapo hubadilishwa kabla ya safari inayofuata, hata kama bado inazunguka bila kuyumba.